Chuma Hakikulia

Maji ya mto yakipungua ghafla, asiyejua hukimbilia katikati, pale anapoona bado panang'aa. Samaki hayuko huko. Akihisi maji yanamwacha mgongo wazi, samaki hurudi gizani: chini ya kingo zilizoliwa na mkondo, katikati ya mizizi, nyuma ya jiwe ambalo mchanga wake bado ni baridi. Unamtafuta kwa mkono, si kwa macho. Unalala kifudifudi kwenye tope, unaingiza mkono shimoni mpaka begani, unaupeleka polepole kama mtu anayetafuta sindano iliyopotea kitandani. Ukimgusa tumboni hakimbii. Ukimfikia mashavuni, unabana na kuvuta.

Hayo nilifundishwa na nyanya yangu, ng'ambo ya Kebirigo, ambako palikuwa na bwawa dogo la kinu na mto uliojaa na kupungua kwa amri ya mwenye kinu. Nilikuwa hodari. Nasema hivyo bila haya kwa sababu ndicho kitu pekee nilichokiweza kuliko wenzangu. Kulima nililima kama watu wote, na kupika, ukimuuliza mama mkwe wangu, sikujua kabisa.

Niliolewa miaka michache baada ya uhuru, upande wa Manga. Mume wangu alifanya kazi kwenye mashamba ya chai kule Kericho, akija nyumbani siku mbili kwa mwezi, na miezi mingine haji. Kwa hiyo ukweli ni kwamba niliolewa na mama yake. Alikuwa shemasi kanisani, mwimbishaji mzuri, mwanamke aliyeweza kuomba Sabato nzima bila kurudia neno. Jumapili asubuhi aliamka mtu mwingine. Ugali wangu wa wimbi aliubonyeza kwa kidole, akatikisa kichwa, akamtupia mbwa, nami nimesimama pale pale na mwiko mkononi. Mbwa yule alinenepa sana mwaka wangu wa kwanza.

Kilichoniokoa ni kwamba baba mkwe naye alikuwa na kinu cha maji. Siku hizo vinu vya maji vilikuwa vingi kwetu, kila mto una kimoja au viwili, na wanawake walipanga foleni na mahindi yao tangu asubuhi. Bwawa lake lilijengwa kwa mawe, udongo na mabamba ya nyasi. Ubavuni palikuwa na mfereji uliopeleka maji kwenye gurudumu la kinu. Katikati ya ukuta palikuwa na mlango wa mbao, unaoinuliwa kwa nguzo ndefu. Siku nyingi mlango huo ulifungwa ili bwawa lijae, na mto chini yake ukabaki uzi mwembamba unaounganisha vidimbwi vinne. Hapo ndipo samaki walipobaki. Watu wa boma lile walikuwa wameishi juu ya vidimbwi hivyo miaka yote wakichota maji tu na kuondoka. Nilipotoka huko jioni moja na samaki tisa kwenye karai, mama mkwe alinitazama kama nimewaiba. Usiku huo lakini ugali wangu mbwa hakuupata.

Tangu siku hiyo aliniita "huyu wa samaki." Ilikuwa dharau, lakini ilikuwa na faida. Tulikwenda mtoni sisi watatu: yeye, mimi, na wifi yangu. Yeye alibeba kikapu na sheria. Samaki mwenye magamba alikuwa halali, kambare asiye na magamba alikuwa najisi, na alipotoka shimoni mama mkwe alimsukumia mbali kwa kijiti, bila kumgusa, huku akitutazama sisi tuliomgusa. Wifi yangu alimwokota nyuma ya mgongo wa mama yake na kumpelekea jirani yetu Mkatoliki, ambaye alikuwa akitusubiri nyuma ya ua na sufuria tayari.

Wifi yangu huyo alikuwa na miaka kumi na sita, amemaliza shule ya msingi, anasubiri jibu la chuo cha ualimu. Katika boma lile lote ndiye mtu pekee aliyeniuliza kama nimekula. Alinifichia ndizi mbivu chini ya leso yake. Aliiga mwendo wa mama yake tukiwa shambani, mguu mmoja ukitua kwa kishindo, mpaka nikakaa chini kwa kicheko. Yeye ndiye niliyemfundisha kutafuta samaki kwa mkono. Alishika haraka, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa mirefu kuliko yangu, kuna mashimo aliyoyafikia nami nikashindwa. Shimo moja katika kidimbwi cha tatu, chini ya ukingo wenye mizizi, lilikuwa refu hivi kwamba ilimbidi mtu atumbukize kichwa ili afike mwisho. Nilimwonyesha mimi. Nilimwambia kwamba wakubwa hukaa huko.

Hatari ya vidimbwi ilikuwa mlango. Mvua ikinyesha huko juu kwenye kilima cha Manga, bwawa lilijaa kwa muda mfupi, na baba mkwe asipoinua mlango, ukuta wote ungekwenda. Ndiyo maana juu ya mti kando ya bwawa alining'iniza rimu ya gurudumu la lori. Kabla ya kuinua mlango alipiga chuma hicho mara tatu, akasubiri mtu wa chini apate nafasi ya kutoka. Lakini kwenye vidimbwi palikuwa na maporomoko madogo yaliyopiga kelele muda wote, na mara nyingine chuma hakikusikika. Ikawa desturi yetu kumweka mmoja juu ya jiwe kubwa pale mto unapokata kona. Ukiwa hapo unaona bwawa upande mmoja na vidimbwi upande wa pili. Ukisikia chuma, unapiga kelele kwa wa chini.

Sasa lazima nieleze habari ya nyoka, la sivyo yaliyofuata hayataeleweka.

Kwetu kuna jambo linaloitwa chinsoni. Ukilitafsiri utasema heshima, lakini si heshima ya kusalimia na kuinama. Ni ukuta baina yako na wazazi wa mumeo. Mke wa mwana hamgusi baba mkwe, hampi mkono, hakanyagi chumba chake cha kulala, hapishani naye kwenye njia nyembamba. Kumwona uchi ni jambo ambalo watu hawalitaji kwa sauti. Dini ya Sabato ilitukuta na chinsoni na ikatuacha nayo. Pombe ilimwagwa, matambiko yakaachwa, tumbaku ikazimwa, lakini hilo hakuna mchungaji aliyeligusa, maana naye alikuwa na wakwe.

Mwaka wangu wa pili pale, asubuhi moja, nilikuwa nafagia uwanja. Baba mkwe ameketi kwenye kigoda chini ya upenu, anatengeneza mpini wa jembe. Nyoka akateremka kutoka kwenye nyasi za paa, taratibu, mpaka kichwa chake kikawa karibu na sikio la mzee. Sikufikiri. Nilitupa ufagio, nikamshika mzee mkono, nikamvuta. Alianguka ubavu, nyoka naye akaanguka pale alipokuwa ameketi, na wifi yangu akamponda kwa mpini.

Baba mkwe aliinuka, akajifuta vumbi, akaondoka. Mama mkwe ndiye aliyesema. Aliniuliza ni mwanamke gani wa heshima anayemshika mkwe wake mbele ya watu na kumwangusha chini. Nikamwambia kulikuwa na nyoka.

"Afadhali nyoka," alisema. "Afadhali angemuuma."

Hakuwa na hasira aliposema hivyo. Ningependa watu waelewe: alisema kwa utulivu, kama mtu anayekuelekeza njia ya kisimani. Kisha akaniambia niende kwa baba yangu nikalete mbuzi wa kusafishia boma. Nilikwenda kwa miguu hadi ng'ambo ya Kebirigo, na siku ya pili nikarudi nikivuta mbuzi kwa kamba katikati ya soko, siku ya soko, na kila mwanamke mwenye macho alijua mke wa mwana anayevuta mbuzi kurudi kwa mumewe amefanya nini. Hawakujua kwamba ni nyoka. Walijua mbuzi. Wengine walicheka wakiwa wamefunika midomo na wengine hawakujali kufunika.

Nilipoifikisha kamba mkononi mwake, mama mkwe aliniambia jambo moja zaidi. Mara nyingine, alisema, usirudi na mbuzi. Baki huko huko. Na kama kuna mtoto, tutamfuata, kwa sababu ng'ombe zetu ziko kwa baba yako.

Wakati huo sikuwa na mtoto. Nilikuja kupata mimba mwaka uliofuata, baada ya mimba mbili kuharibika, na ilipofika miezi sita nikaanza kuamini kwamba hii itakaa. Nilitembea kama mtu aliyebeba mayai. Hata mama mkwe alilegea kidogo. Alinikataza kuingia majini, akanipa kazi ya kukaa juu ya jiwe na kusikiliza chuma. Kazi ya kukaa tu, alisema, hata wewe utaiweza.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, baada ya chakula cha mchana. Mlango ulikuwa umefungwa tangu jana yake ili bwawa lijae, kwa kuwa kesho yake wanawake wengi wangekuja kusaga kabla ya Sabato kuingia. Vidimbwi vilikuwa vimepungua vizuri sana. Kutoka juu ya jiwe niliona mapovu madogo yakipanda kando ya mizizi na nikawaelekeza kwa kidole. Mama mkwe aliingia kidimbwi cha nne na kikapu, maji yakimfika mapajani. Wifi yangu aliketi ukingoni akiparua magamba ya wale waliokwisha kupatikana. Walikuwa wamenipa kisogo wote wawili.

Mvua ilianza Manga bila kutufikia sisi. Niliona wingu, kisha nikaona maji yanayoingia bwawani yakibadilika kuwa mekundu, na baba mkwe akitoka kinuni mbio. Ningeweza kupiga kelele papo hapo. Nimejiambia hivyo mara nyingi kuliko nilivyosali. Lakini mara mbili mwezi huo nilikuwa nimewatoa majini kwa kuona wingu tu, chuma kisilie, samaki wakatawanyika, na mama mkwe alikuwa amenigombeza mpaka jirani wakasimama kusikiliza. Niliagizwa nisubiri chuma. Nikasubiri chuma.

Baba mkwe hakwenda kwenye chuma. Alikwenda kwanza mlangoni, akashika ile nguzo, akavuta, mlango haukuinuka. Gogo lilikuwa limekuja na maji na kubana mbele yake. Akavuta tena. Maji yalikuwa yamefika mabega ya ukuta. Ndipo alipotazama huku na huku, kwa haraka, kama mtu anayehakikisha yuko peke yake, akavua koti, akavua shati, akavua suruali. Watu wa umri wake hawakuvaa kitu ndani.

Niligeuka. Nilipiga magoti kwenye jiwe, nikavuta leso kichwani, nikainamisha uso mpaka paji likagusa jiwe, tumbo langu likiwa limebanwa na mapaja. Hivyo ndivyo mke wa mwana anavyopaswa kufanya na hakuna aliyehitaji kunikumbusha. Nilijua pia kwamba wawili walikuwa chini. Nilijua kwamba kazi yangu ni kupiga kelele. Lakini nikipiga kelele angegeuka, na akigeuka angeniona pale juu, na angejua nimemwona. Nilihesabu kichwani: atatoa gogo, atapanda, atavaa, atapiga chuma, nami nitapiga kelele. Mzee hajawahi kuinua mlango bila chuma. Na katika hesabu yangu aliye majini ni mama mkwe, wifi yangu yuko nchi kavu. Nilibaki chini ya leso nikisubiri.

Nilisikia mbao zikivunjika. Gogo lilipotoka lilitoka na mlango. Kisha maji yakapita chini ya jiwe langu kwa kishindo ambacho nilikihisi tumboni kabla ya masikio.

Nilipofika kwenye vidimbwi, mama mkwe alikuwa juu ya ukingo, amekumbatia mzizi, mkavu kuanzia kiunoni kwenda juu. Alikuwa akiliita jina la binti yake. Magamba yalikuwa bado yakimetameta pale wifi yangu alipoketi. Baadaye nilijua ilivyokuwa, maana mama mkwe aliisimulia miaka yote: alichoka miguu, akatoka kupumzika, na wifi yangu akamwambia, kaa mama, mimi niko na mkono mrefu, kuna mkubwa kule kwenye shimo. Maji yalimkuta kichwa chini ya ukingo.

Wanaume walikuja. Baba mkwe alikuja, shati amelivaa ndani nje. Wakaziba pengo la mlango kwa migomba, mawe na magunia ya mchanga, na mto ukashuka tena. Tulimtafuta kama tunavyotafuta samaki. Maji yalipopungua, wanaume walikimbilia katikati, kisha wakateremka kona mbili, tatu, wakipapasa kwa vijiti kwenye vichaka. Nilimwambia jirani yetu awaambie wanatafuta pasipo, watazame chini ya kingo. Aliwaambia. Wakasema maji yale yalikuwa na nguvu, lazima yamempeleka mbali.

Niliingia mwenyewe. Hakuna aliyenizuia, labda hawakuniona. Nililala ubavu kwenye tope la kidimbwi cha tatu kwa sababu ya tumbo, nikaingiza mkono chini ya mizizi mpaka begani, polepole, na nikagusa nywele.

Walimtoa wanaume. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekwama shimoni mpaka kwapani na ilibidi wachimbe.

Tulimzika Ijumaa mapema ili Sabato isitukute kaburini. Wazee wa ukoo walikaa Jumapili, uwanjani, pamoja na mzee wa kanisa. Mimi niliketi na wanawake nyuma, nikitazama ardhi. Wakamuuliza baba mkwe ilikuwaje. Alisimama akiwa ameshika kofia kwa mikono miwili, akasema bwawa lilijaa, mlango ulikwama, akautengeneza.

"Na chuma?" mzee mmoja aliuliza.

"Nilipiga," alisema. "Mara tatu, kama siku zote."

Kichwa changu kilijiinua chenyewe na nikakirudisha chini. Wakaniuliza kama nilisikia. Nikasema sikusikia. Wakaulizana wenyewe inawezekanaje mtu aliye juu ya jiwe, aliyewekwa pale kusikiliza, asisikie chuma kinachosikika hadi barabarani. Mwanamke mmoja akasema, kwa kunionea huruma nadhani, kwamba wenye mimba hulala popote.

Kusema kwamba hakupiga ni kusema nilimtazama. Wangeuliza nilimwona akifanya nini. Mbele ya wazee wale wote, mbele ya mume wangu aliyefika jana yake kutoka Kericho na macho mekundu, mdomo wa mke wa mwana ungetamka kwamba baba mkwe wake alikuwa uchi. Hapo mbuzi asingetosha. Ningekwenda kwa baba yangu na tumbo langu, ningezaa huko, na mtoto akiacha kunyonya wangemfuata kama nilivyoahidiwa. Nilikuwa na mimba moja iliyokubali kukaa. Nikasema nililala.

Wazee walinung'unika, mmoja akatema mate pembeni. Mume wangu aliondoka uwanjani. Waliamua nisifukuzwe kwa sababu ya mtoto. Siku chache baadaye, baba mkwe alisimama karibu na nyumba yangu, amenipa mgongo, akauambia mgomba kwamba kuna unga kinuni na mwenye kuuhitaji aende akachukue. Hivyo ndivyo mkwe anavyosema nawe inapobidi. Tangu hapo sikukosa unga. Nilielewa kwamba aliona mimi naye tunajua, na nilikula unga wake, kwa sababu nilikuwa na njaa na mtoto alizaliwa na njaa vile vile.

Mama mkwe hakunipiga wala hakunitukana. Alifanya hivi: kila Ijumaa, tulipokuwa tunaandaa Sabato, aliifua nguo nyeupe ya binti yake, ile ya kanisani, nguo safi isiyovaliwa na mtu, akaja kuianika kwenye ua wangu. Si wake. Ilining'inia mbele ya mlango wangu mpaka jua linazama. Watoto wangu wanne walikua wakipita chini yake. Wa pili aliniuliza siku moja huyo mwenye nguo atarudi lini, nikamchapa, kisha nikaketi naye jikoni nikalia.

Miaka ikaenda. Watu wa Nyaramba wakaleta kinu cha dizeli na wanawake wakahamia huko, maana hakikungoja maji. Baba mkwe alikufa kwa kifua. Bwawa halikuwa na mwenyewe. Mvua ya mwaka mmoja ikaufungua ukuta na hakuna aliyeuziba. Mto ukarudi kwenda unavyotaka. Niliendelea kutafuta samaki wakati wa kiangazi, peke yangu, katika vidimbwi vyote isipokuwa kimoja.

Kisha miguu ya mama mkwe ikavimba na akashindwa kuinuka. Binti zake wengine walikuwa wameolewa mbali. Aliyebaki bomani ni mimi. Nilimwosha, nilimgeuza, nilimlisha. Samaki wa mto ana mifupa mingi na macho yake yalikuwa yameshafifia, kwa hiyo nilimchambulia kipande kwa kipande na kumtia mdomoni. Niliwaza siku moja kumlisha kambare bila kumwambia. Sikufanya, lakini nilimpika kambare huyo, nikasimama naye mlangoni, ndipo nikamwaga.

Ilikuwa mchana, tumekaa hivyo, sahani kwenye magoti yangu, aliponiuliza.

"Siku ile ulilala kweli?"

Nilimaliza kuutoa mfupa niliokuwa nimeushika. Mzee alikuwa kaburini, wanangu walikuwa wakubwa, na yeye hakuweza kuinuka kwenda popote.

"Sikulala."

"Chuma kililia?"

"Hakikulia."

Nikamwambia yote. Gogo, suruali, leso, jiwe. Nilimweleza polepole ili asikose kitu. Alisikiliza macho yakiwa juu kwenye paa, na nilipomaliza, samaki alikuwa amepoa.

"Ungepiga kelele," alisema. "Hata kama ni hivyo. Ungepiga kelele tu."

"Mama," nilisema, "uliniambia afadhali nyoka."

Nilimletea kipande kingine, akageuzia uso ukutani. Ijumaa ilipofika aliniomba ile nguo nyeupe, nikampa, akaiweka chini ya shavu na hakutaka ifuliwe. Aliishi siku kumi na moja baada ya hapo na hakusema nami tena, isipokuwa kuomba maji. Nilimpa maji.

Kwenye mazishi yake watu walinisifu. Walisema hakuna mke wa mwana aliyewahi kumtunza mkwe vile. Nilikubali sifa hizo kwa kichwa. Nilikuwa nimemwambia mambo yote isipokuwa moja, na hilo sikumwambia kwa sababu angelala akiwa na nafuu, lawama yote ikihamia kwangu: kwamba nilipoufunika uso wangu, mtu niliyemwacha majini alikuwa yeye, na ndiyo maana sikuona haraka.